Faili Lenye Sahihi Halali

Severina Fortunatus, ambaye wengi pale Newala walimwita Mama Flora, hakuwahi kuiweka karatasi kwenye jalada kabla ya kukagua mambo manne: jina la aliyeiandika, cheo chake, tarehe na muhuri. Kimojawapo kikikosekana, karatasi ilirudi ilikotoka, hata kama aliyeileta alikuwa amepanda kwa miguu kutoka bonde la Ruvuma. Hakuwa mkali. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Hii bado haijawa barua, ndugu yangu," kisha akamwonyesha mtu mahali palipopungua.

Tabia hiyo aliipata Masasi, kwenye tawi la ushirika alikoajiriwa kupiga chapa mwaka 1983, akiwa msichana wa miaka ishirini na moja kutoka Lupaso. Wakati huo korosho yote ilipita mlango mmoja, na kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Baadaye milango ilifunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao na mizani yao, wakamalizana na wakulima shambani, na tawi likanywea mwaka hadi mwaka mpaka likafungwa. Severina alitoka pale na mashine kuukuu ya kupigia chapa aliyouziwa kama chuma chakavu. Akaolewa na Kasiani, mkulima wa Newala, akaiweka mashine juu ya meza ndogo karibu na soko, na kwa miaka mingi akawaandikia watu maombi ya viwanja, hati za kuuziana mikorosho, na malalamiko kuhusu maji ambayo hayakujibiwa.

Kompyuta alijifunza akiwa amekwisha kutimiza miaka arobaini, na mwaka 2004 shule moja ya binafsi ya wasichana, ya bweni, nje kidogo ya mji, ilimwajiri kuwa karani. Haukupita muda wazazi wakamjua. Siku moja mwanamume alifika na barua ya kumchukua mwanafunzi wa kidato cha pili, akidai ni mjomba wake na kwamba nyumbani kuna msiba. Barua ilikuwa nzuri, ila haikuwa na muhuri wa kijiji. Severina alimkalisha mgeni kwenye benchi, akampa maji ya kunywa, akatafuta simu ya mama wa mtoto. Msiba haukuwapo. Kilichokuwapo ni mahari iliyokwisha kupokelewa. Tangu siku hiyo wazazi walipowaleta binti zao walipita kwanza ofisini kwa karani, wakamwambia, "Mama Flora, huyu tunamwacha mkononi mwako." Neno hilo lilikuwa kwake zaidi ya mshahara.

Mwaka 2011 shule ilikuwa na kompyuta moja tu yenye mtandao, nayo ilikaa mezani kwake. Wasichana wa kidato cha nne waliingia wawili wawili kujaza maombi yao ya kidato cha tano na vyuo. Mwezi wa tatu fomu fulani zilifika katika muundo ambao kompyuta ile haikuweza kuufungua. Severina akatafuta mtandaoni programu ya kuzigeuza, akaipata ya bure.

Hakuifungua mara moja. Miaka miwili kabla, Muharami, fundi wa kompyuta wa Masasi, alikuja kuwaunganishia mtandao na akamwachia somo moja: faili lisilo na sahihi usilifungue. Faili la kompyuta, alimweleza, nalo hutiwa sahihi na kampuni iliyolitengeneza. Si kwa kalamu, bali kwa hesabu ambazo mtu mwingine hawezi kuzighushi. Akamfundisha kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, kuingia kwenye maelezo ya faili, na kusoma. Severina alilipenda somo lile kuliko yote. Basi akabofya, akasoma. Jina la kampuni lilikuwapo. Mji wake ulikuwapo. Tarehe ilikuwapo, mpaka na saa na dakika. Chini yake kompyuta yenyewe ilithibitisha kwamba sahihi ni halali. Karatasi chache alizopata kuzishika zilikuwa zimekamilika namna ile. Akaifungua programu, akabonyeza penye neno la kukubali mara tatu, na fomu zikageuka vizuri sana.

Matangazo yalianza siku ya pili. Kwanza zilikuwa simu na saa za mkononi, zikichomoza pembeni mwa ukurasa bila kuitwa. Yakafuata madawa ya kupunguza unene. Siku ya tatu, alipokuwa akitafuta ratiba ya mitihani, lilijitokeza dirisha zima na mwanamke asiye na nguo akimwalika mtu kuzungumza naye. Severina alilifunga, yakaja mawili. Alizima kompyuta, akaifunika kwa kanga, akawaambia wasichana waliokuwa wakisubiri mlangoni kwamba mtandao umekatika.

Alipaswa kusema siku ileile. Hakusema. Alimwaza Mwalimu Gwakisa, mkuu wa shule, mtu wa Rungwe, mstaarabu, mdogo kwake kwa miaka kumi, na kila alipojaribu kuyapanga maneno ya kumweleza kilichokuwa kwenye ile picha, maneno yalikataa kupangika. Akajiambia atarekebisha mwenyewe kwanza. Kwa siku nne alikaa na kanga juu ya kompyuta.

Siku ya tano Mwalimu Gwakisa aliingia ghafla akiwa na Mzee Awadhi, mwenyekiti wa bodi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama na bado alitembea na kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mzee," Severina alisema akiinuka.

"Marahaba, Mama Flora. Mbona mashine imevaa kanga? Inaenda ngomani?"

"Vumbi, mzee."

"Ivue basi. Mkuu anataka kunionyesha tovuti ya wizara."

Hakuna alichoweza kufanya. Gwakisa aliketi mwenyewe, akaandika anwani, na kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, yule mwanamke alijitokeza akitabasamu. Mzee Awadhi aligeuka haraka akatazama dirishani. Gwakisa alifunga, likaja jingine, baya zaidi.

"Mama Flora," Gwakisa alisema taratibu, "hii ni nini?"

"Inakuja yenyewe, mwalimu."

"Yenyewe."

"Tangu wiki iliyopita."

"Na kanga je?" Mzee Awadhi aliuliza, uso bado dirishani. "Kanga nayo ilikuja yenyewe?"

Kesho yake alipewa barua. Ilikuwa na jina, cheo, tarehe na muhuri. Ilimtaka ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuingiza picha chafu katika ofisi ya shule ya wasichana.

Severina alinakili faili lile kwenye flashi, akaifunga flashi katika pindo la kanga, akateremka Masasi.

Duka la Muharami lilikuwa chumba kimoja kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Yeye mwenyewe alikuwa akichomea waya kwa risasi iliyoyeyuka. Alipomwona aliweka chini chuma chake cha moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Muharami aliipokea flashi, akaichomeka, akalipima faili kwa antivirusi. Walisubiri.

"Mgonjwa wako mzima huyu," alisema.

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Akafungua maelezo, akasoma kwa sauti. "Sahihi halali. Cheti kimetolewa na mamlaka inayotambulika. Muda wake haujaisha. Na tangu litiwe sahihi hakuna mkono mwingine ulioligusa. Mama, watu wengine hata vyeti vyao vya kuzaliwa havijakamilika hivi."

"Hayo yote niliyaona. Ndiyo maana nililifungua. Sasa linatoa wanawake uchi."

Muharami aliacha kucheka. Akavuta stuli, akamwomba aeleze tangu mwanzo, na Severina akaeleza bila kuruka kitu, isipokuwa zile picha, ambazo alizipita kwa kusema "zile."

"Basi nimeelewa," Muharami alisema. "Sahihi inakwambia nani kaliandika, na kwamba halijachezewa njiani. Haikwambii kama huyo mtu anakutakia mema. Antivirusi inaona cheti, inampisha. Na hawa hawajajificha wala nini. Wamesajili kampuni, wana ofisi, wamelipia cheti chao. Biashara yao ni kupachika matangazo kwenye kompyuta za watu."

"Muharami, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema faili lisilo na sahihi nisilifungue."

"Nilisema."

"Nikatii."

"Mama, nilisema lisilo na sahihi usilifungue. Sikusema lenye sahihi lifungue."

"Na tofauti hiyo mimi ningeipata wapi, mwanangu?"

Muharami alijikuna shingo, akageukia skrini, akafungua ule mkataba mrefu ambao programu huutanguliza. Akashuka, akashuka, mpaka mahali fulani katikati. "Hapa. Mtumiaji anakubali kuonyeshwa matangazo ya washirika wetu. Ulibonyeza kukubali?"

"Nilibonyeza."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi kwa karatasi zao mmeafikiana kabisa."

Lakini alikuwa kijana mwenye huruma, na alijua mahali pa mwisho pa kujaribu. Ilikuwapo tovuti iliyokusanya antivirusi arobaini na tatu kwa pamoja. Mtu akipeleka faili lake, kila moja inatoa neno lake. Alilipeleka. Mtandao wa Masasi siku ile ulitambaa, na Severina alikaa mikono mapajani akitazama mstari wa kijani ukisogea kama mtu anayesubiri matokeo ya mtoto wake. Mwishowe majibu yalishuka. Tisa zilikuwa zimeandika kwa wekundu. Thelathini na nne hazikuona kitu.

"Tisa zinasema nini?"

"Nne zinasema programu ya matangazo. Tano zinasema programu ambayo huenda haitakiwi."

"Huenda?"

"Ndivyo wanavyoandika. Wakisema ni mbaya moja kwa moja, kampuni itawashtaki."

"Ni mbaya, Muharami?"

"Ni mbaya, mama. Mimi nakuambia."

Akamchapia ripoti, kurasa mbili. Severina alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma, akazigeuza nyuma.

"Nani anatia sahihi hapa?"

"Hakuna. Hiyo ni mashine imejibu."

"Tia wewe."

"Mimi ni nani?"

"Tia, mwanangu. Na muhuri."

Muharami alitafuta muhuri wake chini ya redio, akaupulizia pumzi, akagonga. Ulitoka vizuri, wa bluu: Fundi Redio, Simu na Saa, Masasi. Neno kompyuta halikuwamo, kwa sababu ulichongwa kabla hajanunua kompyuta.

Kamati ya bodi ilikutana Alhamisi, asubuhi, katika chumba cha walimu. Walikuwa Mzee Awadhi, Mwalimu Gwakisa, na Violet, mlezi wa bweni, aliyeingia kwa niaba ya wafanyakazi na ambaye alikuwa rafiki wa Severina tangu siku za ile meza ya sokoni. Severina alisoma maelezo yake akiwa amesimama. Yalikuwa kurasa tatu, yamepangwa kwa aya zenye namba. Alieleza ukaguzi alioufanya, akakiri kosa la kukaa kimya, akaambatanisha ripoti.

Mzee Awadhi aliishika ripoti mbali na macho. "Huyu ni fundi redio."

"Anatengeneza na kompyuta, mzee."

"Na saa. Haya." Akageuza. "Wakaguzi arobaini na watatu. Tisa wanalikataa faili. Na hawa wengine?"

"Hawakuona kitu."

"Yaani tisa dhidi ya thelathini na nne. Mama Flora, hata ungekuwa unagombea ujumbe wa mtaa, hapo umekwisha kushindwa."

Violet alicheka kabla hajajizuia, kisha akainamisha uso kwa aibu.

"Na faili lenyewe," mzee aliendelea, "lina sahihi?"

"Linayo, mzee."

"Ya kughushi?"

"Hapana. Ni halali."

"Kwa hiyo unaniletea karatasi ya fundi saa ili nilihukumu faili lenye sahihi halali. Wewe! Wewe uliyewahi kunirudisha mimi, mwenyekiti, kwa sababu nilisahau tarehe?"

Ilikuwa kweli, alimrudisha mwaka juzi, na mzee alicheka sana siku ile. Severina alitaka kusema kwamba sahihi inamtaja mwandishi tu na haimdhamini. Aliyasema. Lakini maneno aliyoyaelewa vizuri Masasi yalitoka kinywani mwake yakiwa kama ya mtu anayejitafutia njia, na yeye mwenyewe aliyasikia hivyo.

"Basi tukaione," alisema. "Naomba mkae wenyewe kwenye kompyuta. Mtaona inavyoleta bila kuguswa."

Hilo waliliona ni haki. Wakaenda wote ofisini. Mzee Awadhi aliketi kitini, Gwakisa akaichomeka modemu, ukurasa ukafunguka. Walisubiri. Pembeni kikachomoza kitu, na Severina akashika ukingo wa meza. Vilikuwa viatu. Viatu vyeusi vya kiume, vya ngozi, jozi tatu. Gwakisa alifungua ukurasa mwingine. Ikaja saa ya mkononi. Mwingine, viatu tena. Robo saa nzima ilipita, na kompyuta ilikuwa na adabu kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Mimi nimeletewa viatu," Mzee Awadhi alisema.

Mwalimu Gwakisa alikohoa. Hakuwa mtu wa kumwonea mtu, na alichokisema alikisema kwa shida. "Nilisoma mahali, mzee. Matangazo ya mtandaoni humfuata mtu kwa yale anayopenda kuyatazama."

Violet alimtazama Severina, akatazama sakafu.

"Mwalimu," Severina alisema, "mimi nina miaka arobaini na tisa. Nina mjukuu."

"Sijasema neno, Mama Flora."

"Lakini umesema."

Hakufukuzwa. Uamuzi uliandikwa kwa upole: mkataba wake uliokuwa ukiisha mwisho wa mwezi hautaongezwa, na Ijumaa ya wiki inayofuata akabidhi funguo. Barua ilimshukuru kwa miaka saba. Jioni ile Kasiani aliisoma barua mara mbili, akasema, "Hawajaandika kosa," na Severina akamjibu kwamba hawakuhitaji kuliandika. Newala ni mji mdogo, na mtu akiondoka shule ya wasichana bila kosa, watu humtafutia.

Ijumaa alifika mapema. Alipanga majalada kwa mwaka, akaandika orodha ya funguo, akafuta meza. Kisha akawasha kompyuta na kutoa mfukoni karatasi ambayo Muharami alimwandikia: hatua kumi na moja za kuiondoa ile programu na mizizi yake yote. Violet, aliyekuja kumsaidia kubeba vitu, alimkuta kwenye hatua ya pili.

"Unafanya nini?"

"Naiondoa."

"Wee Mama Flora! Iache!" Violet alifunga mlango nyuma yake. "Iache imletee na huyo karani mgeni anayekuja. Imtoe macho na yeye. Ndipo watakapojua hukuwa wewe."

"Nimelifikiria hilo."

"Sasa?"

"Jumatatu wanaingia kidato cha nne kumalizia maombi. Themanini na wawili. Wawili wawili, hapa." Severina alionyesha viti viwili vilivyokuwa mbele ya skrini.

"Wataona mara moja tu, watapiga kelele, mambo yatajulikana."

"Watakaoona ni watoto, Violet. Na huyo karani mgeni atasimamishwa hapo niliposimamishwa mimi."

"Basi mwite mkuu aone ukiiondoa."

"Nilimwita. Yuko Masasi kwenye kikao mpaka kesho. Mzee Awadhi amesema shauri limefungwa."

Violet aliketi kwenye benchi la wageni, akaanza kulia taratibu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Severina aliendelea. Katika hatua ya nne programu ilimwuliza kama ana hakika anataka kuiondoa. Ya tano ilimwuliza sababu, ikampa nafasi ya kuandika. Aliangalia nafasi ile tupu kwa muda, akaipita. Hatua ya kumi na moja ilikuwa kuwasha upya na kungoja. Wakangoja wote wawili. Kurasa zilifunguka safi, moja baada ya nyingine. Akazima, akaweka funguo juu ya orodha, wakatoka.

Alirudi sokoni. Meza ilikuwa ileile, ingawa sasa juu yake palikuwa na kompyuta ndogo ya mitumba na mashine ya kuchapa karatasi. Wateja walikuja, kwa sababu kuandika anajua. Wazazi wa shule walipopita walimsalimu kwa mbali. Mmoja, aliyewahi kumwachia binti yake mkononi, alivuka barabara.

Mwezi wa sita Violet alimtembelea nyumbani. Alimkuta akimimina maji ya dumu kwenye pipa, akachukua dumu la pili wakamimina pamoja. Karani mpya anaitwa Julia, alisema, binti mzuri, mwepesi. Kidato cha nne wote wamemaliza maombi yao. Kisha akawa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Sema tu," Severina alisema.

"Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mkuu alizungumza. Akasema bodi ilichukua hatua kwa wakati. Akasema, tangu tulipobadilisha karani, ile aibu haijaonekana tena hata siku moja. Wazazi wakapiga makofi."

Maji yaliendelea kuingia pipani.

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini, Mama Flora? Ni kweli haijaonekana."

Severina alisimamisha dumu, akalikung'uta matone yaliyobaki, akalifunga kifuniko. Hakuona mahali popote pa kuikosoa sentensi ile ya mkuu. Akamwuliza Violet kama angekunywa chai.